Nyumba Ilititia, Mzee Akalaumiwa

Wasee wangu, leo sina kichekesho. Wale mlikuja kwa ajili ya video za makondakta wa matatu ya Kilifi, subirini wiki ijayo. Leo nataka tuongee kuhusu udongo. Najua, najua. Usiondoke bado. Stori hii inaanzia nyuma ya jiko la hawe yangu hapa Ganze, inapita Italia, Kanada, Istanbul na Japani, halafu inarudi hapa hapa kwa mzee mmoja aliyehama kwao kwa sababu ya ufa kwenye ukuta ambao hata si wake.

Nianze na nyumba. Baba mdogo amefanya kazi ya ulinzi Mombasa miaka 13. Mwaka juzi alirudi na pesa za kujenga nyumba ya mawe, ya kwanza kwenye boma letu. Akachagua mahali karibu na barabara, pazuri, tambarare. Shida ilikuwa moja tu: zamani pale palikuwa na lambo. Lambo dogo la kunyweshea mbuzi, lililokauka kabla mimi sijazaliwa. Hawe akamwambia, "Hapo vyura walikuwa wakilia usiku kucha." Baba mdogo akacheka. Akaleta malori ya kifusi, akamwaga, vijana tukasawazisha kwa majembe, na wiki ya pili fundi akaanza msingi. Mawe yakapanda, linta, mabati, rangi. Krismasi tukala pilau ndani.

Mwezi wa pili jirani yetu, mzee, akaja kulalamika kuhusu mpaka wa shamba. Hiyo kesi ni ya tangu enzi za tsawe. Maneno yakawa makali, na akiondoka mzee akasema nyumba hiyo haitatufaa. Aliyasema mbele ya watu saba, mimi nikiwemo. Mvua za masika zikaja. Watu wakaona ufa. Ulianzia kona ya dirisha la chumba cha watoto, ukashuka ngazi ngazi kufuata viungo vya mawe hadi chini. Mlango wa nyuma ukakataa kufunga. Ndama akafa. Mtoto wa mwisho akashikwa na degedege. Sa hapo mnajua mazungumzo yalielekea wapi.

Mzee ana nywele nyeupe, macho mekundu ya moshi wa jikoni, na kesi ya shamba. Kwa Kilifi hizo sifa tatu zinatosha kukumaliza. Sitii chumvi. Kaunti yetu imezika wazee wengi waliouawa kwa tuhuma za uchawi, na hapa Ganze kuna makao yanaitwa Kaya Godhoma, ambako wazee waliotishiwa maisha hukimbilia. Wengi hawakuwa wakikimbia majambazi. Walikuwa wakikimbia watoto na wajukuu wao. Na mara nyingi ukichimba chini ya neno "mchawi" unakuta shamba.

Mimi ni nani wa kuongea? Sina cheti. Nilisomea uhandisi wa ujenzi mpaka mwaka wa tatu, karo ikakwama, nikarudi nyumbani na begi na simu. Somo nililolichukia kuliko yote lilikuwa la udongo. Kuna jaribio moja: unaweka kipande cha udongo wa mfinyanzi, mdogo kama chapati nene, ndani ya pete ya chuma, unakiwekea uzito, halafu unasoma saa yake ya kupimia baada ya dakika 1, 2, 4, 8, 15, 30, kisha saa 1, 2, 4, 8, mpaka saa 24. Kesho yake unaongeza uzito, unaanza tena. Wiki nzima unaangalia udongo ukishuka kwa milimita kidogo. Nilisinzia mara ngapi pale, Mungu anajua. Sikujua kwamba kile kichapati kitakuja kuwa na maana kwangu kuliko hesabu zote nilizofeli.

Nani hapa amewahi kukamua tui? Unakuna nazi, unaiweka kwenye kifumbu, unakaza. Tui halitoki lote mara moja. La pembeni linatoka haraka, la katikati linachelewa, na ukishikilia linaendelea kudondoka. Udongo wa mfinyanzi uliolowa uko hivo. Umejaa maji kwenye vitundu vidogo sana. Ukiuwekea nyumba juu, siku ya kwanza ni maji ndiyo yanabeba mzigo, si udongo. Pole pole maji yanakimbia, chembe zinasogeleana, ardhi inashuka. Hiyo ndo kutitia. Kama ingeshuka sawasawa pande zote, wala usingejua. Shida ni pale kona moja inashuka na nyingine imegoma. Mawe hayajui kupinda, yanapasuka.

Sasa tuingie historia, maana binadamu amelipia somo hili ghali.

Mwaka 1173 watu wa Pisa, Italia, walianza kujenga mnara wa kengele. Walipofika ghorofa ya tatu, karibu mwaka 1178, ukawa umeanza kuinama, kwa sababu chini kuna udongo laini. Kisha kazi ikasimama karibu miaka 100. Walirudi mwaka 1272. Wahandisi wa leo wanasema lile pumziko ndilo lililouokoa mnara: katika ule muda maji yalitoka kwenye udongo, udongo ukapata nguvu. Wangeendelea kupandisha bila kusimama, ungeanguka na leo hakuna mtalii angejipiga picha akijifanya anausukuma. Na hawakusimama kwa hekima, manze. Ilikuwa bahati tu.

Bahati haikuwafikia watu wa Transcona, karibu na Winnipeg, Kanada. Pale kampuni ya reli ilijenga ghala kubwa la saruji la kuhifadhia ngano. Walipima udongo kwenye kina cha msingi, wakaona ni mgumu, wakajenga. Septemba 1913 wakaanza kujaza ngano. Tarehe 18 Oktoba 1913 ghala likaanza kuzama. Ndani ya saa moja lilishuka kama sentimita 30, halafu likaendelea kulala upande mmoja, na ndani ya saa 24 lilikuwa limeinama karibu digrii 27. Ajabu ni kwamba kuta zenyewe hazikuvunjika. Jengo lilikuwa zima. Wakachimba chini yake, wakalisimamisha tena, likatumika. Kosa lilikuja kueleweka vizuri miaka ya 1950, watu walipotoboa chini zaidi: chini ya ule udongo mgumu wa juu kulikuwa na mwingine laini ambao hakuna aliyekuwa ameupima. Yaani waligonga mlango wakadhani wameiona nyumba.

Mtu aliyefanya haya yote yawe hesabu anaitwa Karl Terzaghi, Muaustria aliyezaliwa Prague mwaka 1883. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia alipelekwa Istanbul kufundisha, na baada ya vita akabaki pale, chuo cha Robert College, bila maabara ya maana. Akaungaunga vifaa mwenyewe, akawa anakandamiza udongo na kupima unavyoshuka. Mwaka 1923 akachapisha hesabu ya jinsi maji yanavyotoka kwenye mfinyanzi chini ya mzigo, na mwaka 1925 kitabu chake kuhusu udongo kikatoka. Kile kichapati kilichonisinzisha mimi maabara ni mjukuu wa vifaa vyake. Nilipogundua kwamba huyu jamaa alianza na vitu vya kuokoteza, niliona aibu kidogo. Mimi nilikuwa na maabara kamili, nikalala.

Katika ile hesabu kuna siri moja ambayo ukiielewa umeelewa nusu ya kazi ya kujenga viwanda na bandari. Muda wa kusubiri haukui sawasawa na unene wa udongo. Njia ya maji kutoka ikiwa ndefu mara 2, muda unakuwa mara 4. Ikiwa ndefu mara 10, muda unakuwa mara 100. Geuza hiyo sasa. Tuseme udongo wako ungechukua miaka 30 kumaliza kushuka kwa sababu maji yanasafiri mita 10 kufika nje. Ukiweza kuifupisha safari iwe mita 1, miaka 30 inagawanywa kwa 100. Inabaki kama miezi mitatu na nusu. Huo si uchawi, ni mraba tu, ule wa darasa la saba.

Unaifupisha vipi? Utambi. Fikiria koroboi ya hawe, mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Marekani, miaka ya 1920 na 1930, walianza kutoboa mashimo kwenye udongo laini na kuyajaza mchanga, ili maji yapate njia ya mkato. Msweden mmoja, Walter Kjellman, akaja na wazo la kutumia tambi za kadibodi badala ya mchanga. Leo ni za plastiki, bapa, upana kama sentimita 10, zinasukumwa chini na mashine mita moja moja au mbili mbili kutoka mwenzake, maelfu kwa maelfu. Halafu juu yake unamwaga kilima cha kifusi, mara nyingi kizito kuliko hata jengo litakalokuja. Kilima kinakaza kifumbu, tambi zinatoa tui. Udongo ukishamaliza kushuka unaondoa kilima, unajenga. Jengo linakuja kukuta ardhi imeshazoea mzigo.

Hapo ndo inakuja sehemu ninayoipenda: kupima. Huwezi kukisia kwamba udongo umemaliza. Kabla ya kumwaga kifusi unalaza bamba la chuma chini (bamba la kawaida, si Bamba yetu), lenye fimbo inayopanda juu kupitia kifusi. Bamba likishuka, fimbo inashuka. Kila siku, baadaye kila wiki, mpimaji anasoma kimo cha fimbo akilinganisha na alama iliyowekwa kwenye mwamba nje ya eneo, mahali ambapo hapatikisiki. Kuna pia kifaa kinaitwa pizomita, kinasoma maji ya ndani yana msukumo kiasi gani. Na pembeni mwa kilima unaweka vigingi. Vigingi vikianza kusogea nje, maana yake udongo unakamuliwa kwenda pembeni, ni hatari, simamisha malori leo leo. Ukichora vipimo vyote kwenye karatasi unapata mstari unaoshuka kwa kasi, halafu unapunguza, halafu unalala. Ukilala, ndo ruhusa. Kabla ya hapo, hata waziri aje na mkasi wa kukata utepe, jibu ni subiri.

Na hata ukisubiri, ardhi inaweza kukushinda. Japani walianza mwaka 1987 kujenga kisiwa baharini huko Osaka, ili juu yake kiwe uwanja wa ndege wa Kansai. Chini ya bahari kuna mfinyanzi laini wa mita kama 20. Wakauwekea nguzo za mchanga karibu milioni moja za kutoa maji. Ile tabaka ikatulia kama walivyopanga. Lakini chini yake kulikuwa na tabaka zingine nene, za zamani sana, ambazo nguzo hazikuweza kuzifikia, na hizo zikaendelea kushuka. Uwanja ulifunguliwa Septemba 1994. Mpaka leo kisiwa kile cha kwanza kimeshuka zaidi ya mita 13 tangu kianze kujengwa. Hiyo ni kama nyumba ya ghorofa nne. Ila ndege zinatua, kwa sababu tangu mwanzo walijenga wakijua: nguzo za jengo zina jeki chini yake, kona moja ikishuka wanaiinua na kuchomeka vipande vya chuma. Wanapima tu, mwaka baada ya mwaka. Septemba 2018 kimbunga kilifurisha uwanja ule, dunia nzima ikaona. Hakuna mtu Osaka aliyeuliza nani ametupa maneno.

Sisi watu wa Pwani je? Sisi tulikuwa na bahati ya jiwe. Nenda Gede, kuna kaburi lenye tarehe imechongwa, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Zaidi ya miaka 600 na bado lipo. Fort Jesus, Wareno waliianza mwaka 1593, imekaa juu ya mwamba wa matumbawe kama kofia kichwani. Wazee waliojenga kule walikuwa mafundi kweli, sibishi, lakini chini walikuwa na mwamba ambao hauna tui la kukamua. Ukitoka ufuoni Kilifi ukija huku bara, unauacha mwamba wa matumbawe nyuma. Huku kwetu sehemu nyingi ni udongo uliotokana na mawe laini ya mfinyanzi, unaofura ukilowa na kusinyaa jua likiwaka. Na jua la Ganze mnalijua. Sasa mtu anatoka Mombasa ameona nyumba ya mawe imesimama miaka 200, anakuja kuiga kuta bila kuiga kilicho chini ya kuta.

Mombasa wenyewe siku hizi wanajenga mahali ambapo hakukuwa na mwamba. Kituo cha pili cha makontena pale Kipevu kimekaa juu ya ardhi iliyoibwa baharini. Kampuni ya Kijapani, Toyo, ilianza kazi mwaka 2012 kwa mkopo wa Japani, na awamu ya kwanza ikafunguliwa mwaka 2016, ya kubeba makontena 550,000 kwa mwaka kwa hesabu ya yale ya futi 20. Ni wale wale wa nchi ya Kansai, watu waliofundishwa unyenyekevu na udongo. Nikipita kwenye barabara ya Makupa siangalii tena kreni. Naangalia chini yake.

Naandika haya kwa sababu na sisi tunaahidiwa viwanda. Malori yanabeba mawe ya chuma kutoka Jaribuni yanatupita hapa kila siku, na kila msimu wa kura mtu anasimama juu ya gari kusema kiwanda kinakuja Ganze. Kije. Nataka kazi kuliko nyinyi wote, niulizeni salio langu. Lakini siku kikija, swali langu la kwanza halitakuwa vijana wangapi wataajiriwa. Litakuwa: mlitoboa chini mita ngapi, na vipimo vya kushuka viko wapi tuvione? Wakijibu kwamba kifusi kimemwagwa juzi na nguzo zinasimama kesho, mimi siombi kazi ndani ya hilo jengo.

Turudi nyumbani.

Ilipofika mwezi wa tano, maneno yalikuwa yameiva. Baba mdogo alikuwa haongei, na akinyamaza ndo mbaya. Vijana wawili wa ukoo walikuwa wanakaa nje ya duka jioni wakiangalia njia ya kwa mzee. Nikaanza kupima, na sikuanza kwa ushujaa, nilianza kwa uoga. Nikachora mistari ya penseli kwenye ncha za ufa, na tarehe. Nikagandisha vipande vitatu vya kioo juu ya ufa kwa saruji. Kioo kikivunjika, ufa unatembea. Halafu nikachukua mpira wa maji wa fundi, ule mwangavu, nikaweka alama ya rangi kwenye jiwe kubwa la asili karibu na mwembe, nikawa napima kona zote nne za nyumba kila Jumamosi.

Kona ya nyuma, ile iliyo juu ya lambo, ilishuka milimita 31 kwa miezi minne. Kona ya mbele ilishuka milimita 3, na hizo 3 siwezi kuapa, maana mpira wa maji unaweza kukosea milimita mbili tatu. Kila baada ya mvua kubwa kona ya nyuma ilikimbia zaidi. Maji ya paa yalikuwa yanamwagika pale pale kwenye kifusi ambacho hakuna aliyekishindilia. Nikamuuliza hawe lambo lilifika wapi. Akatoka na mkongojo wake, akatembea, akachora ukingo kwenye mchanga bila hata kufikiri. Mstari wa hawe ulipita chini ya dirisha la chumba cha watoto. Ufa ulikuwa juu yake kama umepimwa.

Lakini kilichonitoa jasho kilikuwa kwenye simu. Nilikuwa natafuta video ya zamani ya kupandisha, nikakuta moja ya tarehe 27 Desemba, watoto wanacheza ngoma sebuleni, na mlango wa chumba chao uko wazi nyuma. Nikaisimamisha, nikavuta karibu. Kwenye kona ya dirisha, juu ya rangi mpya, mstari mwembamba kama unywele. Desemba. Kabla ya mvua. Kabla ya ndama. Miezi miwili kabla mzee hajafungua mdomo wake.

Niliwaonyesha Jumapili, familia nzima chini ya mwembe. Nilisema, "Baba, naomba uangalie hii kwanza, halafu uniambie." Akaangalia mara tatu. Akaniuliza kama nimeichezea ile video, nikampa simu mwenyewe. Akanyamaza, lakini safari hii kimya tofauti. Halafu mama mdogo akauliza swali ambalo mpaka leo nalifikiria. Akasema: sawa, ni lambo. Lakini ni nani aliyempofusha mume wangu mpaka akajenga juu ya lambo, na hawe alishamwambia?

Msicheke. Hilo swali lina historia yake pia. Mwaka 1937 Mwingereza Evans-Pritchard alichapisha kitabu kuhusu Wazande, ambao leo wako Sudan Kusini, Kongo na Afrika ya Kati. Aliandika kwamba ghala la nafaka likiwaangukia watu waliokaa kivulini mwake, Wazande wanajua vizuri kabisa kwamba mchwa walikula nguzo. Si wajinga. Swali lao ni lingine: kwa nini lianguke saa ile, juu ya watu wale? Mchwa hawajibu hilo. Kwa hiyo mimi kumwambia mama mdogo "ni udongo" nilikuwa nimejibu swali ambalo hakuuliza.

Nilichoweza kumwambia ni hiki tu. "Kwa nini saa ile" linauma kwa sababu tunaona mwisho peke yake. Hatukuona Desemba, tuliona Mei. Kama mtu angekuwa anapima tangu siku ya kwanza, kusingekuwa na "saa ile". Kungekuwa na milimita mbili wiki hii, milimita mbili wiki ijayo, mstari mrefu unaoshuka taratibu, na hakuna siku hata moja katikati yake ya kumbandika mtu. Nadhani hiyo ndiyo kazi kubwa ya vile vyuma na fimbo kwenye uwanja wa ujenzi. Vinaokoa majengo, ndiyo. Lakini pia vinaondoa mshtuko, na ni kwenye mshtuko ndo watu wanaanza kutafuta jina. Mama mdogo alinisikiliza. Hakusema nimemshinda, hakusema sijamshinda. Aliinuka akaenda kuangalia uji.

Ningependa kuwaambia mzee alikuja tukala naye. Hakuja. Wiki moja kabla ya kikao chetu watoto wake walimchukua usiku na gari wakampeleka Malindi kwa binti yake. Sikuwa nimejua. Nilikuwa nasubiri vipimo viwe vya kutosha, nisije nikaaibika, na yeye alikuwa anasubiri kusikia miguu nje ya mlango wake. Nilimtumia mjukuu wake ile video kwa WhatsApp na maelezo marefu. Alijibu "sawa". Shamba la mzee msimu huu halikulimwa. Wale vijana wa dukani wananisalimia vizuri tu, kama kwamba hakuna kitu kilichokuwa kinapangwa.

Nyumba bado ipo. Baba mdogo alitaka kupiga lipu juu ya ufa haraka, wageni wasione. Nikamwomba asubiri. Tumechimba mtaro wa kutoa maji ya paa mbali na ile kona, na watoto wamehamia chumba cha mbele. Kioo cha mwisho nilichogandisha hakijavunjika mpaka leo, na Jumamosi mbili zilizopita mpira wa maji haukuonyesha tofauti. Huenda mstari umeanza kulala. Huenda ni kwa sababu hakujanyesha. Vuli ikija ndo tutajua, na baba mdogo ameanza kuniuliza mwenyewe Ijumaa jioni kama kesho napima.

Kwa hiyo, wasee, kama kwenu kuna ufa, fanya hivi kabla hujamsikiliza mtu yeyote, mimi pia nikiwemo. Chukua penseli. Weka alama mwisho wa ufa, juu na chini, andika tarehe. Piga picha. Rudi baada ya wiki mbili, fanya tena. Muulize mtu mkongwe kuliko wote bomani hapo zamani palikuwa na nini. Na kama ufa unakua haraka, au milango inaanza kukataa kufunga, ondoa watu wanaolala chumba hicho, kisha mtafute mtu aliyemaliza ile digrii niliyoiacha.

Na kama tayari kuna jina linatajwa, usisubiri vipimo vitimie kama mimi. Nenda kwa huyo mtu jioni hiyo hiyo, ukae mlangoni kwake watu wakuone.